Dondakoo chumba hiki, kifaduro chumba cha pili: kisa cha Hospitali ya Jiji la Providence, 1910

Tarehe 1 Machi 1910 jiji la Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, lilifungua hospitali yake ya magonjwa ya kuambukiza. Miji mingi ya wakati huo ilikuwa nayo tayari, kwa hiyo jengo lenyewe halikuwa habari. Habari ilikuwa ndani. Katika sehemu ya kutengea wagonjwa, mtoto wa dondakoo aliweza kulazwa chumba kimoja, wa homa ya skaleti (ugonjwa wa koo na vipele vyekundu) chumba cha pili na wa kifaduro chumba cha tatu, vyote kwenye korido moja, na muuguzi yule yule akawazungukia wote katika zamu moja.

Daktari aliyesomeshwa miaka ya 1880 angeuita utaratibu huo uuaji. Kanuni aliyoijua ilikuwa jengo moja kwa ugonjwa mmoja, tena majengo yakae mbalimbali, na muuguzi wa surua asionekane hata karibu na mlango wa dondakoo. Hapa wawili wakaamua kuivunja kanuni hiyo kwa makusudi: Charles V. Chapin, aliyesimamia afya ya jiji hilo tangu 1884, na D. L. Richardson, msimamizi wa hospitali yenyewe.

Waliamini kwamba mikono ya watu ndiyo inayohamisha ugonjwa, si hewa. Je, walikuwa sahihi? Kwa maoni yangu walikuwa sahihi kuhusu mikono na walikosea kuhusu hewa. Tena waliaminika kuhusu hewa kwa sababu tu walikuwa wamepatia kuhusu mikono.

Watoto wenyewe walikuwa wanaumwa nini

Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, tukumbuke kilichokuwamo kwenye kabati la dawa mwaka 1910. Penisilini haikuwepo. Dawa za salfa zingekuja katikati ya miaka ya 1930. Kati ya magonjwa yote ya watoto yaliyojaza wodi hizo, ni dondakoo pekee lililokuwa na dawa ya kweli.

Dondakoo huanza kama maumivu ya kawaida ya koo. Kisha utando wa kijivu hutanda juu ya findo na kushuka kwenye koromeo, mgumu kama ngozi. Ukijaribu kuubandua, damu hutoka. Mtoto mdogo hufa kwa kukosa pumzi. Zamani daktari alikuwa na njia moja, kutoboa shingo chini ya koromeo. Mwaka 1885 Joseph O'Dwyer, katika hospitali ya watoto waliotupwa mjini New York, alileta nyingine: mrija mfupi wa chuma unaoingizwa kwa kupitia mdomoni. Mtoto alifungwa shuka mwili mzima, mikono ikiwa ndani, akapakatwa na muuguzi huku msaidizi akishika kichwa. Kifaa kiliuzuia mdomo usifumbe. Daktari aliingiza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hadi nyuma ya ulimi, akalitafuta koromeo kwa kupapasa, maana kuona hakuwezi, na mkono wa kulia ukausukuma mrija kufuata kidole. Mrija ulikuwa na uzi wa kuuvutia ukienda njia ya chakula. Kazi yote ilikuwa ya sekunde chache. Ikichelewa, mtoto anakufa mikononi mwako. Ikifanikiwa, anakukohoa usoni, na waganga kadhaa waliambukizwa kwa njia hiyo.

Halafu ikaja seramu. Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walikuwa wameonyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa hubeba kitu kinachoivunja nguvu sumu hiyo. Kati ya Februari na Julai 1894, Émile Roux na wenzake waliwachoma seramu ya farasi watoto 448 waliolazwa kwa dondakoo katika hospitali ya Enfants Malades, Paris. Walikufa 109, kama mmoja kati ya wanne. Miaka michache iliyotangulia, hospitali hiyo hiyo ilikuwa inazika zaidi ya nusu. Katika miezi ile ile hospitali ya Trousseau, mjini humo humo, ambako seramu haikutumika, bado ilipoteza zaidi ya nusu. Ushahidi wa namna hiyo haupatikani mara nyingi katika tiba.

Lakini seramu ina masharti. Huikamata sumu inayoelea kwenye damu. Ile iliyokwishaingia kwenye moyo na mishipa ya fahamu haitolewi tena. Ndiyo maana mtoto aliyefikishwa siku ya kwanza alipona na wa siku ya tano mara nyingi alikufa, ingawa kipimo kilikuwa kile kile au kikubwa zaidi. Na ndiyo maana aliyepona koo alilazimishwa kulala chali kwa majuma. Utando umekwisha, homa imeshuka, mtoto anacheka, anataka kuketi. Wauguzi wa zamani waliogopa siku hizo kuliko zile za kukabwa, kwa sababu moyo uliojeruhiwa na sumu ungeweza kusimama ghafla mtoto akiinuka tu kuchukua kikombe.

Seramu ilikuwa na jambo lingine. Siku nane hadi kumi na mbili baada ya sindano, baadhi ya watoto walitokwa na vipele, homa na maumivu ya viungo. Clemens von Pirquet na Béla Schick waliueleza ugonjwa huo wa seramu kwa kina mjini Vienna mwaka 1905. Hebu fikiria ukiwa zamu katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza: mtoto aliyekuja na dondakoo ameamka leo na vipele. Ni seramu ya farasi? Ni surua aliyokuja nayo bila mtu kujua? Au ni skaleti aliyoletewa na mikono yako mwenyewe?

Magonjwa mengine naweza kuyapitia haraka, kwa sababu tiba yake ilikuwa fupi. Homa ya skaleti, isiyosikika sana huku kwetu, ilitibiwa kwa kulala, maziwa, kupimwa mkojo kila mara kuangalia figo na kupasuliwa masikio yaliyojaa usaha. Wengi walikaa hospitali karibu wiki sita. Surua ilitibiwa kwa kuosha macho na mdomo na kuomba isishuke kifuani. Kifaduro kilitibiwa kwa hewa safi na subira.

Kwa hiyo mbali na seramu, tiba aliyopewa mtoto ilikuwa uuguzi. Na jambo kubwa kuliko yote ambalo hospitali ingeweza kumfanyia ni kutompa ugonjwa wa pili. Mtoto aliyedhoofishwa na surua akipata dondakoo juu yake, au wa skaleti akipata surua, nafasi yake ya kurudi nyumbani ilishuka vibaya sana. Wazazi walilijua hilo. Hawakuwa wajinga walipowaficha watoto chini ya kitanda afisa wa afya alipobisha hodi. Walikuwa wamewaona watoto wa jirani wakienda na ugonjwa mmoja na kufa kwa mwingine.

Kwa nini kanuni ya zamani ilikuwa inavuja

Jengo moja kwa ugonjwa mmoja ni mpango mzuri kwa mtu anayechora ramani. Mlangoni hauendi hivyo. Surua huambukiza siku nne hivi kabla vipele havijatokea, wakati mtoto anaonekana ana mafua tu. Mtoto anayeletwa kwa homa ya skaleti huku ameibeba surua ambayo bado haijajitokeza anaingizwa, kwa kufuata kanuni kikamilifu, katikati ya wodi yenye watoto thelathini wa skaleti. Siku kumi baadaye wodi nzima inawaka. Tena kwa kuwa wote humo "wana ugonjwa mmoja", hakuna anayenawa mikono kati ya kitanda na kitanda. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya usalama ndiyo iliyowalegeza.

Kulikuwa na suala la pesa pia. Providence mwaka 1910 ilikuwa na watu 224,000 na ushei. Jiji la ukubwa huo linapata leo mtoto mmoja wa matubwitubwi, kesho wawili wa tetekuwanga, keshokutwa mmoja mwenye magonjwa mawili kwa mpigo. Kila mmoja ajengewe banda lake? Awe na muuguzi wake wa mchana na wa usiku? Hakuna baraza la jiji lililokuwa tayari kulipa gharama hiyo. Nasema hili wazi kwa sababu wanaosimulia kisa hiki hupenda kukieleza kama ushindi wa sayansi tu, wakati hesabu za mweka hazina nazo zilisukuma mkokoteni.

Wavu wa Paris

Chapin hakubuni jambo hili kutoka hewani. Joseph Grancher, daktari wa watoto katika hospitali ile ile ya Enfants Malades, alikuwa ameanza mwishoni mwa karne ya 19 kuzungushia vitanda vya baadhi ya wagonjwa wake wavu wa waya ndani ya wodi ya kawaida. Mgeni aliyeuona aliuliza: wavu utazuiaje vijidudu? Hauzuii, na Grancher alilijua hilo vizuri. Kazi ya wavu ilikuwa kumkumbusha muuguzi. Akifika hapo anasimama. Anavaa gauni lililotundikwa hapo, anamhudumia mtoto, analivua, ananawa, ndipo anakwenda kwa mwingine. Vyombo vya ndani ya wavu havitoki nje mpaka vichemshwe. Dondakoo na skaleti zilipungua sana kwenye wodi yake. Surua iliendelea kupenya, na tutairudia.

Mwaka 1900 Hospitali ya Pasteur ilifunguliwa mjini humo ikiwa na vyumba vya mgonjwa mmoja mmoja, kuta za kioo, na masharti makali ya gauni na kunawa. Wagonjwa wa maradhi tofauti walikaa jirani. London nako kulikuwa na majaribio ya kuweka alama kwenye kitanda kimoja ndani ya wodi ya wote na kukihudumia kana kwamba kina ukuta. Chapin alizifuatilia taarifa hizi kwa makini. Zilimpa kile alichokuwa anakitafuta kwa miaka.

Mtu huyu tayari alikuwa amejijengea sifa ya kuvunja mazoea. Kila nyumba iliyotoka mgonjwa wa dondakoo ilifungwa na kufukizwa moshi wa dawa, kazi iliyokula fedha na kuwapa watu imani kwamba serikali inafanya kitu. Chapin alilinganisha: ugonjwa ulirudi kwenye nyumba zilizofukizwa takriban sawa na kwenye zisizofukizwa. Akaacha kufukiza baada ya dondakoo mwaka 1905, na baada ya homa ya skaleti mwaka 1908. Mbingu haikuanguka.

Basi kama ukuta, godoro na pazia si hatari kubwa, ni nini? Jibu lake lilikuwa mtu, na hasa mate ya mtu. Katika kitabu alichotoa mwaka huo huo wa 1910 kuna ukurasa maarufu anaofuatilia mate yanavyosafiri mjini kutwa nzima: mpishi anayeacha mate yake kwenye mikate, mhudumu anayeshika ukingo wa glasi, muuza matunda anayelowesha vidole kupanga bidhaa, muuza maziwa mwenye dole gumba ndani ya kipimo chake, kondakta anayelamba kidole kabla ya kukata tiketi. (Nani hajampokea chenji kondakta wa namna hiyo?) Usomapo ukurasa ule unatamani kunawa. Ndilo lililokuwa lengo lake.

Zamu yenyewe ilivyokuwa

Tuiweke zamu ya usiku mbele ya macho, kwa kufuata masharti ya uuguzi wa aina hii. Chumba cha kwanza, mvulana wa dondakoo siku ya tatu baada ya seramu. Gauni lake limetundikwa ndani ya chumba. Upande wa nje wa gauni ndio unaohesabiwa mchafu, upande unaogusa sare ya muuguzi ni safi, na kulitundika vibaya ni kuugeuza mpango mzima. Muuguzi analivaa, anampa mtoto maji kwa kijiko bila kumwinua kichwa, anahesabu mapigo, anafuta pua. Kipimajoto ni cha mtoto huyo peke yake, kimo ndani ya glasi yake ya dawa. Anavua gauni bila kugusa upande wa nje zaidi ya lazima. Anakwenda kwenye bomba. Maji yanatiririka, si beseni. Sabuni na brashi, kucha na katikati ya vidole. Tangu alipomgusa mtoto hadi hapo hajagusa uso wake, kitasa wala kalamu.

Chumba cha pili, msichana wa homa ya skaleti, sikio linatoka usaha. Gauni jingine, pamba, taulo, usaha unafungwa kwenye karatasi ya kuchomwa. Bomba tena. Chumba cha tatu, kifaduro: mtoto ameanza kukohoa, anashikwa mgongo mpaka atapike, chombo kinaondolewa. Bomba. Sahani za wote zinachemshwa. Mpaka asubuhi ngozi ya mikono ya muuguzi imepasuka kwa sabuni.

Ukitazama kwa makini, kila kitu hapa kinategemea mtu asiyelala, anayelipwa kidogo, asiyesimamiwa saa tisa za usiku. Chapin anakumbukwa kwa fikra yake, Richardson kwa hospitali yake. Wauguzi waliofanya fikra hiyo iwe kweli hawakumbukwi kwa majina, na sidhani kama yeyote kati ya hao mabwana wawili angeweza kuumaliza mwezi mmoja katika zamu hizo bila kosa.

Upande wa mtoto haukuwa mwepesi. Katika hospitali nyingi za homa za enzi hiyo mzazi alimwona mwanawe kupitia kioo cha dirisha, au hakumwona kabisa. Katika baadhi ya miji ya Uingereza kila mtoto aliyelazwa alipewa namba, na gazeti la jioni lilichapisha orodha: namba hizi wana nafuu, namba hizi hali ni mbaya. Mama alinunua gazeti ili ajue kama mtoto yu hai. Wiki sita za hivyo, kwa mtoto wa miaka mitatu.

Kilichotokea

Hospitali haikugeuka kichinjio kama wapinzani walivyotabiri. Richardson aliandika maambukizi yaliyotokea ndani, na yalikuwa machache. Wauguzi waliokuwa wakipokea dondakoo na skaleti kwa mikono ile ile hawakuzihamisha ila mara chache. Kwa vigezo vya wakati ule haya yalikuwa mafanikio makubwa, na utaratibu ukaenea katika hospitali nyingine za Marekani. Mwaka 1931 hospitali ilipewa jina la Chapin. Leo eneo lake ni sehemu ya kampasi ya Chuo cha Providence.

Ila kila mahali uuguzi huu ulipofuatwa kwa uaminifu, iwe Paris, London au Marekani, magonjwa mawili yalikataa kutii: surua na tetekuwanga. Dondakoo lilikaa chumbani kwake. Skaleti ilikaa. Surua ilivuka korido. Tetekuwanga ilitokea kwa mtoto aliyekuwa mbali na kitanda cha mwenye nayo, ambaye hakushikwa na mikono ya pamoja wala kula kwenye chombo cha pamoja.

Waliokuwa upande wa mikono walikuwa na jibu tayari: muuguzi fulani alisahau. Mtoto mmoja alitoroka kitandani akaenda kucheza. Ni jibu gumu kulipinga, kwa sababu katika hospitali yoyote duniani kuna muuguzi aliyesahau na mtoto aliyetoroka. Hapo ndipo kisa hiki kinaponivutia. Jibu linaloweza kueleza kila tukio halijaeleza lolote. Kama kosa la mikono ndilo lililokuwa chanzo, kwa nini makosa hayo yahamishe surua na tetekuwanga kila mara na kuliacha dondakoo, lililokuwa kwenye mikono ile ile, usiku ule ule?

Leo tunajua. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Havihitaji mkono wa mtu. Mlango ulio wazi kwenye korido unatosha.

Hoja ilipopindia

Chapin hakuwa mtu wa kufumbia macho takwimu. Alikubali kwamba matone ya kikohozi hufika umbali mfupi, kama mtafiti Mjerumani Carl Flügge alivyoonyesha mwaka 1897. Alichokataa ni hewa yenyewe kubeba ugonjwa kwenda mbali, na alifurahi waziwazi kwamba binadamu sasa anaweza kuondokana na hofu ya hewa iliyomwandama tangu enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale.

Tuangalie ushahidi ulioweza kumpeleka huko. Wa kwanza, mafanikio ya hospitali. Lakini watoto walikuwa kwenye vyumba tofauti, na kuta na madirisha hupunguza hewa ya pamoja kama vile gauni linavyopunguza mguso. Kilichofanya kazi kilikuwa mchanganyiko, na sifa yote ikapewa bomba la maji. Wa pili, idadi ndogo ya maambukizi. Ukigawanya maambukizi ya surua kwa wagonjwa wote waliolazwa unapata asilimia ndogo ya kupendeza. Lakini katika mji wa 1910 karibu kila mtoto mkubwa alikwishaugua surua na hawezi kuipata tena. Kigawanyo halali ni wale wachache ambao hawajawahi kuugua, waliolala karibu na mwenye surua. Kwa hao, picha ni nyingine kabisa.

Na ushahidi wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio ulioamua, haukuwa ushahidi. Chapin mwenyewe aliandika kwamba kwa uzoefu wake haiwezekani kuwafundisha watu kujiepusha na maambukizi ya kugusana wakati bado wanaamini kwa dhati kuwa hewa ndiyo mchukuzi mkuu. Kama chumba kimejaa ugonjwa unaoelea, anajisumbua nini kunawa? Kwa mwalimu wa wauguzi, maneno hayo ni ya busara tupu. Kila mkufunzi anajua kwamba ukimpa mwanafunzi mambo mawili ya kuogopa, atachagua lile lisilomtaka afanye kazi. Lakini hiyo ni sababu ya kunyamazia hewa darasani. Haiwi sababu ya kusema hewani hakuna kitu. Chapin aliichukua haja ya mwalimu akaiweka mahali pa matokeo ya maabara.

Namtetea kidogo hapa. Wakati wake umma ulilipia moshi wa kufukiza na kuogopa harufu za mifereji, huku muuguzi akipapasa koo la mtoto huyu na la yule bila kunawa. Kulipindisha gari lililoegemea upande mmoja kwa miaka elfu mbili kunahitaji mtu wa kuvuta kwa nguvu upande wa pili. Na ikiwa ni kuhesabu maisha, mikono iliyonawa baada ya 1910 imeokoa watoto wengi sana.

Gharama ilikuja baadaye. Mtafiti Mmarekani William Firth Wells alipoanza katika miaka ya 1930 kuonyesha kwamba matone madogo ya mate hukauka kabla ya kufika chini na kubaki yakielea, alikuta mlango umefungwa. Yeye na wenzake walifunga taa za miale ya urujuanimno katika madarasa ya shule huko Philadelphia, na surua ilipozuka mwaka 1941 watoto wa madarasa hayo waliambukizwa kwa uchache kuliko wenzao. Wengi hawakushawishika. Fikra kwamba hewa ni ushirikina wa zamani ilikuwa imekwishaingia kwenye vitabu vya mafunzo, ikarithiwa bila mtu kukumbuka imetoka wapi.

Mwaka 2020 ndoo za maji na sabuni ziliwekwa kwenye kila mlango wa duka, benki na msikiti kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Ndani, madirisha yalikuwa yamefungwa na watu wamebanana. Shirika la Afya Duniani lilichukua zaidi ya mwaka kukiri bila kuzunguka kwamba korona husafiri kwa hewa ya ndani. Watafiti waliochunguza uzito huo ulitoka wapi walirudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwa Chapin na kitabu chake cha 1910.

Wangeweza kufanya nini tofauti, kwa vitu walivyokuwa navyo

Hili ni swali la haki kuliko kumlaumu mtu kwa kutojua virusi vya surua, ambavyo havikuoteshwa maabara hadi mwaka 1954. Mwaka 1910 tayari walikuwa na orodha ya Grancher: ugonjwa upi unatii na upi hautii. Hawakuhitaji kujua sababu. Ilitosha kuiamini orodha, wakaendelea na gauni, bomba na brashi kwa dondakoo, skaleti na kifaduro, na surua na tetekuwanga wakaziweka kwenye ghorofa nyingine au banda lenye upepo, mlango umefungwa. Hospitali nyingi za homa hatimaye zilifika hapo hapo kwa kuumia: wodi ya mchanganyiko inapokea wote isipokuwa hao wawili. Na mtoto yeyote aliyekuwa jirani na surua kabla haijatambuliwa alihesabiwa ameambukizwa mpaka siku zake zipite.

Utaratibu wa sasa umezigawa njia hizo waziwazi. Kwa dondakoo: gauni, glavu, barakoa, kunawa, na seramu ya farasi, ambayo bado ni dawa ya msingi. Nigeria ilipokumbwa na mlipuko mkubwa wa dondakoo mwaka 2023, uhaba wa seramu hiyo ulikuwa moja ya matatizo makubwa. Kwa surua: gauni, glavu, barakoa na kunawa vile vile, na juu yake chumba ambacho hewa yake inabadilishwa mara 12 kwa saa na haiendi kwenye korido. Palipo na umeme wa mashaka, Shirika la Afya Duniani linaruhusu hewa ya asili, wastani wa lita 160 kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta wodi zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zikipitisha hewa vizuri kuliko majengo mapya. Zile wodi za misheni za zamani huku kwetu, zenye baraza na madirisha pande mbili, ziko katika kundi hilo, mradi asije mtu saa mbili za usiku kuyafunga madirisha yote kwa kuogopa baridi.